Mafuta ya Ng'ombe Ndani ya GPS

Mimi nilipima vilima vya Masisi kwa kamba na miguu yangu mwenyewe, mbele ya kusikia hata neno satelite. Shule ya musingi sikuimaliza. Lakini kutoka Kirolirwe mpaka Karuba, muntu akitaka kugawia watoto shamba, alikuwa ananiita mimi. Halafu nikajinunulia GPS, ya okazyo, iliyokwisha kutumiwa na wengine, na nikajifunza kuitumia bila mwalimu. Nani mwingine alifanya vile? Hakuna.

Sasa kuna jeometre mumoja, mupima mashamba wa diplome. Tulichunga ng'ombe pamoja, yeye akaenda kusoma Goma, akarudi na GPS kama yangu, ila mupya. Diplome yake sikuionea wivu. Nilionea wivu vifuniko. Mashini ile iko na matundu matatu: moja la kuingizia kura ya umeme, moja la kupeleka namba kwa ordinatere, ile kompyuta, na moja la mviringo, lenye meno ya kukaza, pale inafungwa waya ya antene inayosikia satelite. Kwake, kila tundu lilikuwa na kofia yake nyeusi ya mpira. Kwangu matundu yalikuwa wazi, yanakula vumbi.

Mama mumoja mufanyabiashara, mwenye mashamba ya michikichi Walikale, akatuita wote wawili. Atakayetangulia kumaliza kupima shamba la kwanza, huyo njo atapima yote. Kazi ya mwaka muzima! Niliitaka kuliko chakula.

Walikale mvua haiombi ruhusa. Nikawaza: kwetu tunapakaa mafuta ya ng'ombe, yale ya maziwa, kwa bawaba za mulango, kwa mnyororo wa pikipiki, na maji haiingii. Nikajaza matundu yote matatu. Wacha yeye akae na kofia zake.

Asubuhi sisimizi walikuwa wamejaa ndani. Nikawapuliza, nikakaza antene, nikaingia shambani. Mashini ikaandika satelite sufuri. Nikainua antene juu ya kichwa. Sufuri. Jeometre alikuwa amekwisha kuzunguka shamba lote, akaja, akachungulia tundu, akanusa.

— Kaka, mashini yako iko na njaa? Ungeiongezea mukate.

Mama akacheka mpaka akashika kiuno.

— Iko dawa ya kwetu, nikasema. Wewe ulisahau kwetu.

— Sijasahau. Lakini mafuta na sisimizi vimeziba pale antene inagusana na mashini. Leta.

Akasafisha kwa pamba na alkoli, polepole, kama anaosha jicho la mutoto. Satelite zikaonekana. Halafu akafungua antene, akatoa mufukoni kofia tatu, akazivalisha matundu yangu. Hata za akiba alikuwa nazo!

— Papa, mama akaniambia, kazi nampa yeye. Wewe utamushikia fimbo ya antene?

— Niko na kazi nyingi Masisi.

Sikuwa nayo hata moja.

Kofia zile ziko kwa GPS yangu mpaka leo, na mvua ya Karuba haijaingia hata tone. Lakini jeometre akifika nyumbani kunisalimia, kwanza naficha mashini ndani ya mufuko wa sakoshi, halafu njo namukaribisha.