Mwanamke wa Albamu ya Tatu

Mume wangu alipasua mbao maisha yake yote, na kiwandani walimwita Makaburi. Jina lilitokana na muziki wake. Alipenda bendi moja ya ng'ambo iliyopiga muziki uitwao metali ya gothiki: magitaa mazito, kinanda kama cha kanisani, mwanaume ananguruma utadhani kabanwa na mlango, na juu yake mwanamke anaimba kwa sauti nyembamba. Mama yangu alipousikia mara ya kwanza aliuliza nani amefariki.

Bendi ile ilikuwa na albamu sita za studio, naye alikuwa nazo zote kwenye kanda, tena kanda zilizonakiliwa kutoka kanda nyingine, zimechoka. Zilizorekodiwa jukwaani hakuzitaka. Alisema studio ndiko wanakopanga sauti moja moja kwa subira. Kilichomtia wazimu ni wimbo wa mwisho wa albamu ya tatu. Mwishoni vyombo vyote vinanyamaza, anabaki yule mwanamke peke yake, kwa sauti ya chini kabisa, na kwenye kanda alimezwa na mkwaruzo. "Siku moja nitamsikia vizuri," alikuwa akiniambia. Jamani, wenzangu wana wake wenza wenye sura. Wangu mimi alikuwa mkwaruzo.

Kiwandani msumeno ulipiga kelele kutwa nzima. Msimamizi aligawa vizibo vya masikio, Makaburi akavitia mfukoni. Wapasuaji wa zamani wote walikuwa hivyo: wanajua kwa sikio kama jino la msumeno limevunjika au gogo lina msumari ndani, na aliyeziba masikio walimwona mwanagenzi. Nilimsema mpaka nikachoka. "Masikio yangu ndiyo kazi yangu," alinijibu, na kwa kiburi kile hakuna aliyemweza.

Alipostaafu, nyumba ikawa ya kupayuka. Yeye alishikilia kwamba mimi ndiye ninayenong'ona.

Kisha binti yetu, anayefanya kazi za kompyuta, akamletea albamu zote sita pamoja na hedifoni nzuri. "Baba, nyimbo za kwenye simu zimebanwa," alimweleza kwa sauti ya juu. "Ni kama begi lililojaa, unatoa vitu mpaka lifunge. Hizi hazikutolewa kitu. Ziko kama zilivyotoka studio."

Mzee alinyoa ndevu, akavaa shati la kutokea. Nikamuuliza kama anakwenda kutoa posa. Akacheka, akakaa sebuleni mchana kweupe, akafumba macho, na binti akamfungulia kwenye kompyuta ule wimbo wa mwisho wa albamu ya tatu.

Ngoma na magitaa aliyapata vizuri, maana mguu wake ulikuwa unapiga sakafu. Halafu mguu ukatulia. Akasubiri kidogo, akavua hedifoni.

"Mwanangu, huu umekatwa," akasema. "Umeishia kwenye ngoma. Yule mwanamke hayupo."

Binti akachungulia kompyuta yake, akanitazama mimi. Nikazichukua zile hedifoni nikazivaa.

Yule mwanamke alikuwa katikati ya kuimba. Nilisikia hata pumzi anayovuta kabla ya neno, na ulimi unavyogusa meno. Miaka yote ile nilimdharau, kumbe ana sauti ya kukufanya ukae chini. Nilimwonea huruma mume wangu, na hasira pia zilinipanda, hasira za vile vizibo nilivyokuwa navitoa kwenye suruali zake kila nikifua.

Alikuwa ameshanisoma usoni. "Anaimba, siyo?"

"Anaimba," nikasema, na ikabidi nirudie kwa sauti kubwa. "Anaimba, baba watoto."

Alitazama mikono yake. "Ningevaa vile vizibo," akasema. Tangu anioe sikupata kumsikia akijutia jambo lolote, na heri nisingelisikia hilo.

Nikataka kuzivua zile hedifoni, akanishika mkono.

"Usivue. Nisikilizie mpaka amalize."

Nikasikiliza, naye akakaa ananitazama usoni mpaka wimbo ukaisha.