Nilikwenda Madaba na Hakuna Aliyekufa

Bosi wangu alipofunga kibanda cha ushonaji ili aende harusini Mbinga, aliniambia nipumzike mpaka Jumamosi. Kabla sijafika kona ya kwetu Ruhuwiko, nilikuwa nimeshaamua kwamba siku hizo sitazilala. Nitautembelea mji wangu wa Songea kama mgeni, halafu niende Madaba nikaone kukoje.

Mama alikuwa ameketi kwenye turubai anapukuchua mahindi. Julai kwetu ni baridi, alikuwa amejifunga kitenge mpaka shingoni.

"Madaba kuna nini?" akauliza.

"Sijui. Ndiyo maana nakwenda."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna."

"Nani anaoa?"

"Hakuna, mama."

Gunzi likatulia mkononi mwake. "Kwa hiyo unakwenda tu."

Kwetu hakuna kwenda tu. Si kwamba watu wa kwetu hawasafiri, wanasafiri mno! Wanakwenda kuzika, kumaliza arobaini, kipaimara, kumjulia hali mgonjwa, kufuata mbegu. Mama amefika mpaka Mbamba Bay, ziwani. Siku moja nilimuuliza ziwa likoje, akafikiri kidogo, akasema: "Tulifika usiku, tukazika asubuhi, gari likageuza."

Ziwa lote lile! Sikuwahi kusahau.

Kaka yangu alikuwa mlangoni anapiga mswaki, akacheka mpaka povu likamdondoka. "Umekuwa mzungu siku hizi? Vaa kaptula basi, uninginize na chupa ya maji, tukupige picha."

"Piga. Uzuri wangu hauishi kwa picha."

Mama hakucheka. Alinivuta kando, sauti ya chini, kama mtu anayekuhifadhia aibu. "Sema unakwenda kumwona mama yako mkubwa. Mguu ulimsumbua. Nitampigia simu akutegemee."

"Mguu ulishapona, mama."

"Utauma tena."

"Sisemi hivyo."

"Basi na mimi simpigii mtu simu kumwambia binti yangu anazurura."

Mimi shule niliishia kidato cha pili, maneno makubwa sina. Lakini siku ile nilijua kitu kimoja: nikidanganya mara hii, nitadanganya maisha yangu yote. Kila nitakapotaka kuona kilima, itabidi kwanza mtu augue. Nikaona siwezi. Niende kwa jina la kwenda, au nisiende kabisa.

Kesho yake nilianza na mjini. Nilikwenda makumbusho ya Maji Maji, ambayo nimepita mbele yake tangu navaa sare, nikaingia peke yangu. Mlinzi akachungulia nyuma yangu. "Umekuja na shule gani?"

"Nimekuja na mimi."

Akaniruhusu, lakini kila mara alikuwa anatazama getini, labda wenzangu watakuja.

Mchana nikapanda Matogoro kwa miguu. Nilimkuta mama mmoja anateremka na kuni, nikamwamkia, nikamuuliza Ruvuma inaanzia wapi. Akanionyesha kwa kidevu unyevu kwenye majani, maji membamba ambayo kisigino changu kingeyaziba. "Si ndiyo hayo," akasema, akaendelea na safari yake. Nilichuchumaa pale. Mto ule mkubwa, mpaka wa nchi na nchi, na hapa ulikuwa mdogo kiasi hiki, unajipenyeza tu kwenye nyasi bila kumuomba mtu ruhusa! Machozi yalinitoka kidogo. Nisingemweleza kaka yangu hata angenilipa.

Jumatano alfajiri nikapanda basi la Njombe, nikashuka Madaba, nikachukua bodaboda mpaka kijijini kwa mama mkubwa. Baridi ilikuwa inauma, nikajifunga khanga kiunoni na nyingine kichwani. Hapo ndipo nilipokosea, na sikujua.

Mama mkubwa alikuwa uani anaanua nguo. Akaniona natokea njiani: katikati ya wiki, asubuhi, peke yangu, bila simu, nimejifunga khanga kama wa msibani. Nguo zikamdondoka. Akakaa chini palepale, mikono kichwani.

"Ni nani? Niambie tu, ni nani?"

"Hakuna mtu! Shikamoo mama mkubwa, nimekuja kutembea."

"Uwiii! Wamemtuma mtoto!"

Kwetu anayeleta habari ya kifo haitamki mlangoni. Anasalimia vizuri, anakaa, anakunywa maji, anamwacha mwenye nyumba ale kwanza. Anaweza hata kutania. Kwa hiyo kadiri nilivyotabasamu, ndivyo mama mkubwa alivyozidi kulia. Nilipocheka kwa wasiwasi, jirani mmoja aliyekuwa ameshafika akamnong'oneza mwenzake, "Mwone anavyojikaza, maskini."

Haukupita muda uani kukajaa. Wanawake wakaketi upande wa jikoni, miguu wameinyoosha. Wanaume wakaketi upande wa pili, kimya. Mmoja alikuwa amekuja kabisa na chepe. Mama wa jumuiya akaingia na rozari mkononi na "Tumsifu Yesu Kristo" ya kimsiba. Mwingine akatua beseni la unga. Na mimi katikati, nasema, "Jamani, wote wazima!" wakiniitikia kwa huruma: "Ndiyo, mwanetu. Kaa kwanza, upumzike."

Mama mkubwa akampigia mama simu, akaweka sauti ya nje. "Mdogo wangu, niambie mwenyewe, usinifiche!"

Mama huko Ruhuwiko alisikia nini? Alisikia vilio. Na aliyekuwa njiani ni mimi.

"Mwanangu!" Sauti yake ilipasuka. "Gari limepinduka? Dada, gari limepinduka?"

Nikainyakua simu. "Mama, ni mimi! Mzima, nimesimama hapa!"

Nilimsikia akihema. Kisha akasema polepole, "Umeona sasa? Panda gari urudi leo hii."

Moyo uliniuma kweli. Kumliza mama yangu si jambo dogo kwangu, na mama mkubwa alikuwa bado ananitazama macho mekundu. Ningesema neno moja tu, mguu, nimekuja kwa ajili ya mguu, na watu wote wale wangepumua, wangenipenda, wangerudi makwao. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Nitarudi Ijumaa, mama," nikasema. "Kama nilivyokuaga."

Nikamrudishia mama mkubwa simu yake, nikawageukia wale watu. "Naomba mnisamehe kwa kuwatisha. Kwa kuja siombi msamaha. Sina mgonjwa, sina harusi. Nimekuja kuona kwenu."

"Kuona nini?" akauliza yule mwenye chepe.

"Kokote mtakakonionyesha."

"Hapa?" Akatazama huku na huku, akitafuta kitu ambacho huenda hakukiona siku zote. "Mimi nimeacha fyatu la matofali kwa sababu yako, dada. Njoo basi uone matofali."

Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, halafu kicheko kikashika upande wa wanawake. Mwenye beseni akasema unga uliotoka kwake kwenda msibani haurudi kwake, mwiko, basi usongwe. Ukasongwa. Tukala ugali wa marehemu asiyekuwepo, na baadaye kweli nikaenda kuona matofali.

Mama mkubwa tu ndiye hakucheka. Kesho yake asubuhi akaniwekea chai ya rangi na viazi, akasema bila kunitazama, "Gari la Songea linapita saa mbili."

"Silipandi."

"Kichwa kigumu kama cha baba yako. Umeona watu, umeona matofali, unataka nini tena?"

Nikaonyesha kilima nyuma ya nyumba. "Kule nyuma kuna nini?"

"Sijui."

"Hujui? Si uliolewa hapa kabla sijazaliwa?"

"Shamba letu liko huku. Makaburi yako huku. Kule hatuna mtu." Nikamwona anakitazama kilima kile, kwanza kwa hasira, kisha si kwa hasira. Akaingia ndani, akatoka amevaa raba na ana jembe begani.

"Jembe la nini, mama mkubwa?"

"Nyamaza. Watu watauliza."

Tukatoka. Na kweli waliuliza. Kila tuliyekutana naye alituamkia, akalitazama jembe, akaridhika. Kila mtu na njia yake ya kupata ujasiri. Mlima ulipoanza kukaza, mama mkubwa akawa anahema, jembe linamkwaza kwenye matawi. Akasimama. Akaliegemeza kwenye mti, akatazama njia juu na chini kama mtu aliyeiba, kisha akanipita akaenda mbele.

"Usikae nyuma," akasema. "Jua likipanda hatutaona vizuri."