Dawa ya Kuita Wanaume

Mpaka leo nikipita soko la Bwera kuna akina mama wanaoniuliza kama ile dawa yangu bado ipo, nami nabaki kuangalia viatu vyangu, kwa hiyo acha niseme mwenyewe, maana wao wanaongeza chumvi.

Ulikuwa mwaka ule viwavi jeshi walipokula mahindi wakaacha vijiti. Nilikuwa nimetoka chuo, nikapata kazi Kasese ya kugawa mitego ya nondo, yule kipepeo wa usiku aliye mzazi wa kiwavi huyo. Ndani ya mtego unaweka kipande cha mpira chenye harufu ya nondo jike. Madume wanaifuata, wananaswa, majike wanabaki bila wachumba. Harufu yenyewe ilitengenezwa na hamira, ndugu wa ile ya mandazi, iliyobadilishwa maabarani ikapewa kazi mpya. Mimi (ambaye hata padri namhoji) nikasema hamira haiwezi kumdanganya nondo. Basi jioni moja, nikienda kuongea na akina mama wanaolima shamba la kanisa huko Bwera, nikasugua kile kipande kwenye kola ya shati. Nikanusa, hakuna kitu. Nikacheka peke yangu, nikaendelea na safari.

Tulikaa pembeni ya mahindi yao, giza likianza kuingia. Mwenyekiti wao, Mama Masika, alinieleza kwamba msimu huu ukiharibika pia, kanisa litampa shamba mtu wa pamba. Nikataka kuongea Kiswahili chao cha mpakani mwa Kongo, kinachosema "njo" badala ya "ndio" (mimi mtoto wa Kilembe, nakijua nusu), nikaogopa kwamba neno "dume" halitaeleweka, nikasema, "Hii dawa inaita wanaume."

Kisha mmoja akauliza kutoka nyuma, "Yangu alivuka mupaka akaenda Beni. Itamufikia?"

Wakacheka wakashikana mabega, na nikiwa bado najieleza, nondo akatua kwenye kola. Nikampiga. Wakaja wengine, shingoni, sikioni, mmoja akaingia mdomoni nikitamka "sayansi".

"Muwalimu, wanaume njo beko banakufuata weye," akasema yule wa nyuma.

Lakini Mama Masika hakucheka tena. "Kumbe weye njo unaleta wadudu mu shamba yetu. Beba dawa yako, uende."

Lilikuwa shtaka zuri, hata mimi ningelitoa, na kwa sababu hiyo sikuondoka. Nikavua shati (ndiyo, mbele ya akina mama wa kanisa, nikabaki na singlendi yangu ya ndani yenye matundu), nikalitundika kwenye kijiti katikati ya mahindi. Nondo wakalifuata, isipokuwa wachache walioniganda shingoni.

"Mama, hawa walikuwa humu tayari. Mimi nimewaonyesha tu. Na hawa hawatagi, ni wale wa kutongoza."

Alilisogelea lile shati lililojaa nondo. "Mitego tutaweka," akasema. "Lakini shati iko inabaki hapa."

Nikarudi Kasese na singlendi. Kuhoji sijaacha, wala sitaacha; ila nimeapa kwamba nikitaka tena kujua kama kitu kinafanya kazi, nitakijaribu nikiwa peke yangu, na nguo ya kubadilisha mkononi.