Besi ndani ya soprano

Leo nimewaingiza wanaume wote wa besi ndani ya soprano, tena mbele ya mchungaji.

Subirini, wapendwa, msicheke kwanza.

Besi walikuwa wamesusa mazoezi ya kwaya. Eti wamechoka kupangwa kule nyuma kama magunia. Na Jumapili tuna wageni kutoka Musoma! Mchungaji akawaita waje mazoezini leo, waone pamoja nasi mpango mpya wa viti.

Mpango wenyewe niliuandaa kwenye ile kompyuta ya mtumba ya kanisa, hapa Mkuyuni. Uzuri wake huielekezi namna ya kuchora. Unaandika tu unachotaka, kila kundi ndani ya mabano yake: kwaya, ndani yake soprano, ndani yake majina. Unafunga mabano, unaandika kundi linalofuata. Picha inaijenga yenyewe.

Mimi nikasahau kufunga mabano ya soprano.

Picha ikatokea: boksi moja kubwa la akina mama, na besi wote humo humo ndani.

Mzee Masatu, kiongozi wa besi, akavua miwani. "Mama Neema, ndiyo umetuozesha sote?"

Mke wake akamjibu kutoka viti vya soprano, "Wewe ulishaoa zamani. Njoo ukae."

Alicheka huyo mzee! Akaenda kweli, akakaa katikati ya akina mama, na wenzake wakamfuata.

Tukaimba. Jamani, Mungu ni mwema, ile besi niliisikia mpaka kifuani.

Mabano sijayafunga mpaka sasa.

Nyie mngeyafunga?