Maotea ya Mwalimu Cheruto

Tangu mumewe afariki, Mwalimu Cheruto wa Kuresoi hakuruhusu hata kuku wake waonekane barabarani manyoya yamevurugika. Siku wakwe watarajiwa walipotoka Molo kumposa bintiye Abby, aliwaambia mambo mawili kabla hawajakaa vizuri: kwamba Abby ni daktari wa damu, na kwamba viazi vya mezani vilitokana na mbegu safi ya kununua. Yote mawili yalihitaji marekebisho.

Mzee Kibii, baba mdogo wa kijana aliyeposa, alimaliza sahani ya pili, akakunja mkono wa koti.

"Daktari, hebu nipime presha."

Abby akamtazama mama. Mama akatazama dari.

"Mzee, wagonjwa wangu ni samaki. Wadogo kama kope."

"Samaki wanaugua damu?"

"Hapana, sisi watafiti ndio tunaiharibu."

Mgeni mmoja akaacha kutafuna.

"Seli za damu zina mama zao," Abby akaharakisha. "Tunazuia hao mama wasiumbike, samaki akiwa bado ndani ya yai, halafu tunaangalia kama askari wa mwili watatokea."

"Watoke wapi, na mama hawako? Mwalimu, huyu mtoto mlimlea aje?"

Cheruto aliiona posa ikielekea mlangoni. Angeweza kunyamaza, abaki na sifa ya viazi. Akasimama, akanyoosha leso.

"Mzee Kibii, mbegu yangu ilioza ghalani. Mwaka huu sikupanda hata kiazi kimoja."

"Na hivi?"

"Maotea. Vilisahaulika ardhini msimu uliopita, vikachipuka vyenyewe."

Kuresoi, mwenye heshima zake hung'oa maotea, hawapakulii wakwe.

"Ndivyo hivyo!" Abby akadakia. "Kuna askari wa mapema, wanaotokana na seli zilizowatangulia hao mama. Mama wakikosekana, baadhi bado hutokea. Lakini si wa kila aina, na wengi hawadumu."

"Hawadumu kweli," Cheruto akasema kwa uchungu. "Gunia tatu tu, shamba zima."

Kibii akaitazama sahani yake.

"Kumbe nimemeza askari sahani mbili!" Akaisukuma mbele. "Niongezee kikosi, Mwalimu. Nyumba inayokiri hadi viazi haiwezi kutuficha ugonjwa. Msichana tumempenda."

Cheruto akapakua, shingo imenyooka tena. Presha, hata hivyo, Mzee Kibii alirudi nayo Molo bila kupimwa, mkono wa koti ukiwa bado umekunjwa.