Chafya Iliyompa Ndugu Yangu Jina

Ndugu yangu alizaliwa katika chumba chetu cha kupanga mtaani Huruma, wiki ambayo barabara za kuingia na kutoka Eldoret zilikuwa zimezibwa kwa mawe na matairi yanayowaka. Nyanya, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka kijijini kwao, Ziwa, kabla ya Krismasi kumsubiri mjukuu. Hospitali haikufikika, kwa hiyo yeye ndiye aliyemzalisha mama, kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, kwa maji niliyochemsha mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda, na chini ya kitanda alikuwa baba.

Watu wa baba ndio waliokuwa wakisakwa baada ya matokeo ya kura kusomwa. Waliowasaka walikuwa watu wa mama. Mimi nilikuwa wa pande zote mbili, na nilikuwa nimejifunza wiki ile kutembea bila viatu ndani ya nyumba.

Kwa watu wa baba, jina la mtoto wa kwanza wa kiume halina mjadala: huitwa babu yake mzaa baba. Kwa watu wa mama, jina hueleza kwanza ulikujaje. Kuna jina la aliyezaliwa ng'ombe wakirudi, la aliyekuja na mvua, la aliyezaliwa njiani, la mwaka wa njaa. Langu lasema jua lilikuwa likichomoza. Kisha kuna jina la pili, na hilo wazazi hawalichagui. Akina nyanya huwataja wafu wa ukoo mmoja mmoja juu ya mtoto, na akipiga chafya, basi aliyetajwa ndiye aliyerudi. Hapo hakuna anayebisha.

Kutoka chini ya kitanda baba alinong'ona jina la baba yake. Yeyote mjini angelisikia angejua asili yetu.

"Ukilitaja tena," nyanya akamwambia bila kugeuka, "nitakutoa huko mwenyewe."

Vijana walifika mchana, jua likiwa kali juu ya mabati. Tuliwasikia wakianzia vyumba vya mwisho vya ploti, mlango baada ya mlango. Mama akamkumbatia mtoto. Nyanya hakungoja wabishe hodi. Alifungua mlango nusu na kujaza nafasi iliyobaki kwa mwili wake.

Aliyetangulia alikuwa amejipaka tope usoni na ameshika panga. Kwa adabu iliyonitisha kuliko matusi, alimwita kogo, yaani nyanya kwa lugha ya watu wa mama. Akamwomba atutoe nje mama, mtoto na mimi. Walimtaka baba.

Nyanya akamwambia mtoto bado hajapewa jina, na kwamba wafu walikuwa wameshaanza kuitwa. Mwanamume haingii chumba hicho. Kama alikuwa amelelewa na mtu, alijua.

Alijua. Nilimwona akirudisha mguu mmoja nyuma.

"Wewe ni wa nani?" nyanya akauliza.

Akataja boma la huko Ziwa. Boma hilo lilikuwa la ukoo wake mwenyewe, na alimfahamu babu yake kijana huyo, mzee aliyekuwa amekufa miaka michache nyuma. Ziwa nzima ilijua kwamba mzee huyo alikuwa amesusa kurudi. Kila mtoto aliyezaliwa kwao walimtajia jina lake, na hakuna aliyepiga chafya.

"Basi simama hapo, unyamaze."

Akamchukua mtoto, akaupa mlango mgongo. Akawataja wafu wake: mama yake, ndugu zake, shangazi aliyefia mbali. Mtoto alipepesa macho tu. Nyuma ya pazia kitanda kikalia, nami nikakohoa, nikaendelea kukohoa mpaka mama akanifinya. Ndipo nilipoona kidole kidogo cha nyanya kikiingia kwenye pindo la leso, mahali alipoweka ugoro wake. Kikapita chini ya pua ya mtoto. Wakati huo huo akalitaja kwa sauti jina la yule mzee wa Ziwa.

Mtoto akapiga chafya. Akarudia.

Kijana akaomba jina lirudiwe. Mwenzake akacheka, akamwambia, "Babu yako amekosa nyumba Ziwa nzima, akaamua kuzaliwa huku kwa maadui?" Yeye hakucheka. Alitazama lile panga kana kwamba mtu mwingine alikuwa amemshikisha.

"Hii tumemaliza," akasema. Wakaenda mlango uliofuata, na jioni chumba hicho cha jirani kilikuwa majivu.

Tulihamia mtaa wa Pioneer mambo yalipotulia. Baba hakuwahi kumwita ndugu yangu kwa jina lile, humwita kijana. Lakini kila Desemba yule mtu wa panga alikuja na kibuyu cha maziwa, akasalimia kwa mikono miwili.

"Mzee," humwambia ndugu yangu, "ng'ombe ulioniachia wamekonda. Utanisamehe?"

Ndugu yangu alicheka. Mama alimwaga chai. Tuliogopa kwamba siku moja yule mtu angejua hila ya nyanya. Neno ugoro lilikoma kutajwa nyumbani, na nyanya, aliyeuvuta maisha yake yote, aliacha kabisa, asije yule mtu akakitazama kidole chake.

Nyanya alizikwa Ziwa mwaka jana. Yule mtu alikuwa miongoni mwa walioshusha jeneza. Baadaye tulijikuta kwenye beseni moja tukinawa udongo.

"Kogo alikuwa na ugoro mkali," akasema taratibu. "Siku ile hata mimi mlangoni pua iliniwasha."

Nikamuuliza kama alijua.

"Kabla mtoto hajapiga chafya."

Miaka yote hiyo niliamini aliyetulinda ni mfu ambaye yule mtu alimwamini, na mfu habadili nia. Kumbe alikuwa mtu aliye hai, mwenye panga, aliyeamua kunyamaza mchana mmoja. Akakung'uta mikono, akauliza mzee yuko wapi. Kwenye uzio wa makaburi mtu alikuwa ameshabandika picha ya mgombea wa uchaguzi ujao. Yule mtu akamwita ndugu yangu kwa jina la yule mzee wa Ziwa, na ndugu yangu, ambaye hajui lolote, akaitika na kumkimbilia.