Asubuhi ya Kisarawanda

Mimi ni somo. Kwetu Msambweni somo ndiye anayemfunda mwari mambo ya unyumba, na asubuhi baada ya harusi ndiye anayetoa kisarawanda, kile kitambaa cheupe chenye damu, awaonyeshe wanawake wa upande wa mume kwamba binti hakuwa ameguswa. Siku hizi wengi wameacha. Nami nilidhani yamekwisha, wallahi, hadi alipoolewa binti wa dada yangu.

Yeye anafanya kazi ya mapokezi hotelini Diani na amepanga chumba Ukunda. Siku tatu kabla ya nikaha, nikimsinga mwili kwa liwa la msandali, akaniambia, "Mama mdogo, nisikufiche. Mimi na mchumba wangu tunaishi pamoja tangu mwaka jana."

"Lahaula! Pamoja vipi?"

"Pamoja tu. Yeye anapika, mimi nafua."

Nilikasirika hata nikaliacha liwa likamkaukia mgongoni. Enzi zetu uchumba ulikuwa barua inayopitia mikononi mwa shangazi, na mchumba ukimwona njiani unavuka upande wa pili. Huyu anakula naye sahani moja! Na mama wa bwana harusi alikuwa ameshaniletea salamu: anataka kukiona kitambaa kwa macho yake. Asipokiona, atamtangaza mkwewe kuwa malaya mpaka Vanga wasikie.

Basi nikafanya nisilowahi kufanya tangu niwe somo. Niliagiza kuku achinjwe, nikachovya kitambaa kwenye damu, nikakikunja, nikakibana kwapani.

Asubuhi hiyo sebule ilijaa wanawake. Mama wa bwana harusi alikuwa mbele, mkono ameshaunyoosha. "Haya somo, lete tukione."

Kabla sijakitoa, bwana harusi akatoka chumbani na kikoi chake kiunoni, akasimama kati yangu na mama yake.

"Shikamoo mama. Hapana kitambaa. Tumeishi pamoja Ukunda mwaka mzima. Kama ni kosa, ni letu sote wawili. Akisemwa yeye, nisemwe mimi kwanza."

Alaa! Mbele ya watu wote wale! Wazee wakavuta istighfari. Mama yake akaketi, akaomba maji, na neno malaya halikumtoka. Mimi nilitaka kumkaripia yule kijana, lakini machozi yalinitangulia, nikalia nikashindwa kunyamaza. Watu wakadhani nalia kwa aibu.

Nililia kwa wivu. Nilipoolewa mimi, kitambaa changu kilitoka cheupe, na Mungu ni shahidi sikuwa nimemjua mwanamume yeyote. Damu ilikataa tu. Mama mkwe wangu akakitupa miguuni pangu, na mume wangu alikuwa papo hapo mlangoni.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mume wangu barazani anakunywa kahawa. Nikamwuliza nililolinyamazia tangu siku ile.

"Wewe ulijua kuwa mimi sikuguswa?"

"Nilijua."

"Mbona hukumwambia mama yako?"

Akakizungusha kikombe mkononi. "Niliona haya," akasema. "Mambo ya chumbani, mtu atayasemaje mbele ya mamake?"

Nikaingia ndani nikamwacha na kahawa yake. Mama yake alikufa bila kuonja hata tonge moja la mkono wangu, na mume wangu miaka yote hiyo alikuwa na neno moja tu la kumwambia.